Sahani Iliyochelewa Kufika Highview

Mama Bamurange, mwaka umeshazunguka tangu utuache, na umepitiliza kidogo, kwa maana sisi wanao tumechelewa kukuandikia. Tangazo hili la kumbukumbu lilipaswa kutoka mwezi wa pili. Shami alikuwa ameshachagua picha, ile ya kitambaa cha njano ambayo hukuipenda kwa sababu eti inakukuza mashavu. Kisha mambo ya Baba yakaingia katikati, tukasema tusubiri tuone yataishia wapi. Sasa yameishia, na tunakusimulia wewe, wanaosoma nao wasikilize.

Kwanza salamu. Huku tu wazima. Ingabire wako bado yuko Columbus, mtaa wa Linden, nyumba ileile yenye ngazi zinazolia. Shami bado yuko Buffalo, anazoa theluji mlangoni kabla ya kwenda kiwandani, na kila akizoa anaapa kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho huko. Isaro, mjukuu wako, amekuwa mrefu. Tukimsemesha Kiswahili anatujibu kwa Kiingereza, na tukimgombeza anasema wewe ulimruhusu.

Kwa wasiokujua, tuseme ulikuwa mtu wa namna gani. Ulikuwa unatunza wazee majumbani, hapa Louisville, na ulirudi kila siku na harufu ya sabuni yao mikononi. Ulimpigia kila mtu simu kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya juu. Hukuweza kula peke yako. Ukikosa mtu ulimwita hata yule anayeleta barua. Na katika wazee wako wote, mmoja hakuwa kazi tena, alikuwa mtu wako. Huyo ni Mama Lenore.

Mama Lenore ni mjane wa Kiyahudi, mwili mdogo, maneno mengi. Asubuhi ulimvalisha soksi zake za kubana miguu huku mkibishana, yeye kwa Kiingereza chake cha mbio, wewe kwa Kiswahili chako cha milimani, na kila mmoja alikuwa na hakika ameshinda. Kampuni ilipokuhamishia kwa mgonjwa mwingine, kazi uliiacha, yeye hukumwacha. Kila Ijumaa jioni Baba aliwapeleka ninyi wawili sinagogi kwa gari. Wewe uliingia naye ukakaa kando yake. Baba alibaki maegeshoni na vioo vimefungwa, akisikiliza ujumbe wa sauti wa ndugu zake walioko Uvira, kule Kongo.

"Miye siko Muyuda," alisema kila alipokaribishwa. "Nitaingia mule kufanya nini?"

Ulimjibu kwamba hata wewe si Myahudi, wewe ni mlokole na kanisa zima linajua, lakini lile benchi ni refu mno kwa mtu mmoja.

Sikukuu yao uliyoipenda kuliko zote ni Purimu. Siku hiyo wanasoma gombo la Esta, malkia aliyewaokoa watu wake walipokuwa wamepangiwa kuuawa wote siku moja. Aliyepanga mauaji ni Hamani, na kila jina lake likitajwa sinagogi nzima inapiga kelele ili lisisikike. Wana vidude vya mbao vya kuzungusha, vinakwaruza masikio. Wengine wanagonga mabenchi. Wewe ulikuwa na kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe ilitoboka kambini, tulipokuwa wakimbizi, lakini kifuniko ulikifunga ndani ya kitenge kikapanda ndege pamoja nasi. Uliwahi kutuambia kwamba ukikigonga kile kifuniko humfikirii Hamani peke yake. Wengine hukuwataja, nasi hatukuuliza, tulijua tumetoka wapi.

Kabla jua la Purimu halijazama, kila mtu anatakiwa ampelekee mwenzake chakula, aina mbili angalau. Mwaka wa kwanza uliamka alfajiri ukapika sombe, majani yetu ya muhogo, sufuria nzima, ukaipeleka mpaka jikoni mwa sinagogi. Wakakupokea kwa upole, wakakueleza kwamba jiko lao lina sheria zake na chakula cha jiko lingine hakiingii. Ulinuna siku mbili. Ya tatu ukaanza kucheka, ukasema umepata dawa: ndizi. Ndizi imekuja na ngozi yake, haijaingia jiko la mtu. Tangu hapo ulimpelekea Mama Lenore ndizi na karanga za pakiti ambayo haijafunguliwa, na yeye alituma sahani yake kwako, imefungwa kwa karatasi inayong'aa na utepe. Ndani yake mlikuwa na machungwa na vile vikeki vya pembe tatu vyenye jemu ya plamu. Ulikuwa umejifunza kuvitengeneza nao, ila vyako ulivifunga kabisa kama sambusa, jemu haionekani. Akina mama wa pale walicheka mpaka wakakaa chini.

Basi mwaka jana mwezi wa pili moyo wako ukasimama. Hatutaki kuieleza siku ile.

Kanisa lilikuja. Watu walijaa sebuleni wiki nzima, wakaimba, wakapika, watoto wakalala juu ya makoti. Mama Lenore naye alikuja, na kigari chake cha kushikilia, akaleta kikapu cha mayai ya kuchemsha. Hatukuelewa maana ya mayai, ila tuliyala yote. Kisha watu wakarudi kwenye zamu zao, kila mtu ana kazi yake ya kupakia maboksi, hatumlaumu mtu. Nasi tukarudi Columbus na Buffalo. Baba akabaki Highview, mtaa wenu wa Louisville, na viti vyote vile.

Wiki chache baadaye Purimu ikafika. Haya tunayokuambia hatukuyajua wakati ule, ametuambia mwenyewe mwaka huu. Siku ile alioga, akavaa koti lake la kanisani, akasogeza kiti dirishani. Kila mwaka mpwa wake Mama Lenore ndiye aliyeleta sahani, mchana, na gari lake jekundu. Baba alikuwa amenunua ndizi na karanga ili asimpokee kijana wa watu mikono mitupu. Magari yakaingia na kutoka pale uwanjani. Jua likashuka. Gari jekundu halikuja.

Wewe unamjua mume wako. Hakupiga simu kuuliza. Alivua koti akalitundika, akakata shauri kimyakimya kwamba wale watu walikuwa wako wewe, yeye walimwona kama dereva tu. Kwetu mtu akifiwa ndipo watu wanajaa mlangoni kwake. Asiyeletewa chakula kwenye kilio amekwisha kuambiwa kitu, na Baba aliona ameambiwa. Mama Lenore alipopiga simu baadaye, aliilaza simu kifudifudi juu ya meza mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, ikalazwa tena. Mwisho haikupigwa.

Mama, mwaka huo ulikuwa mrefu kwake. Alisonga ugali wa watu wawili, akala nusu, nusu akaitazama. Aliacha televisheni ikiongea mchana kutwa bila kuiangalia. Siku nyingine alichukua shati moja tu akaenda chumba cha kufulia cha pale chini, akakaa kwenye benchi mashine zikizunguka, kwa sababu pale kuna mlio na mara mojamoja anaingia mtu wa kusalimia. Shati lilikuwa safi. Tulipompigia alisema, "Niko muzuri, niko muzuri," halafu akauliza hali ya hewa ya Buffalo kana kwamba ana ng'ombe huko.

Na hakulia. Hospitali hakulia, makaburini hakulia. Kwetu mwanaume halii mbele za watu, unalijua hilo, lakini Baba hakulia hata alipokuwa peke yake. Alituambia kwamba aliogopa akianza hatakuwepo mtu wa kumwambia inatosha.

Kwa hiyo tukaamua ahame. Mkataba wa nyumba unaisha mwezi huu wa tatu, Ingabire ana chumba, Columbus ina watu wetu wengi. Baba alikataa mara ya kwanza kwa sababu ya kaburi lako. Mara ya pili alituuliza hali ya hewa. Mara ya tatu akasema, "Bon, haya, mukuje munibebe," na sauti aliyosemea ilituogofya kuliko kukataa kwake. Ingabire akashuka na Isaro, wakaanza kufunga vyombo. Na siku waliyoichagua kufunga vyombo, bila kujua, ilikuwa Purimu.

Mchana ukabishwa hodi. Ingabire alifungua akidhani ni jirani. Alikuwa Mama Lenore, ameshikilia kigari chake, anahema kwa zile ngazi nne, mpwa wake nyuma yake akiwa amevaa mabawa ya nyuki, kwa maana siku hiyo wanavaa vituko. Juu ya kigari palikuwa na sahani, karatasi inayong'aa na utepe.

Baba alisimama katikati ya maboksi. Alimpa mkono kwa heshima, akamvutia kiti, akamkalisha, akakaa mbali naye. Hakuigusa sahani. Isaro alimuuliza nyuki kama mabawa yanatoka. Ndipo Baba akamgeukia Ingabire.

"Umuulize. Umuulize muzuri, usimukosee adabu. Mwaka yenye ilipita, siku kama hii, hawakuleta. Nilikaa pale kwa dirisha nikangoya mpaka jua ikashuka. Juu ya nini?"

Ingabire aliuliza. Mama Lenore alijibu kirefu, akiweka mkono kifuani, na Ingabire akatafsiri sentensi moja moja.

"Anasema, kwabo mutu akizika, banangoya siku makumi tatu. Mu zile siku habamutumie bintu bya furaha. Ni heshima, Papa. Anasema Mama alikuwa hata hajamaliza zile siku mu udongo. Alitengeneza sahani yako, akashindwa kuituma. Alisema, nitamutupia aje furaha kwa mulango na iko mu kilio?"

Baba alikuna goti lake. "Na kisha ya zile siku?"

"Anasema alipiga simu. Haukushika. Akapiga tena, haukushika. Donc akafikiri ni desturi yetu. Ati kwetu mwanaume akifiwa na bibi yake, haongeake na batu ba inje mwaka muzima. Akasema ataheshimu. Alingoya mwaka iishe. Imeisha, amekuja."

"Nani alimuambia vile?"

Ingabire aliuliza. "Hakuna mutu. Alijiwazia tu."

Baba akamtazama yule mama, na yule mama akamtazama, wazee wawili waliokaa mwaka mzima kila mmoja kimya kwa sababu ya mwenzake. Kisha Baba akaanza kucheka. Kicheko kilikuwa kidogo na kikavu, lakini Ingabire anasema ndicho cha kwanza tangu uondoke.

"Umuambie hatuna ile desturi," alisema. "Ile ilikuwa kichwa yangu tu."

Akaichukua sahani, akaifungua. Machungwa yalikuwapo, na vikeki vya pembe tatu, vyote vimefungwa kabisa kama sambusa, jemu haionekani. Mama Lenore alieleza kwamba akina mama wa jikoni wanavifanya hivyo sasa, sahani zote, na kwamba wanaviita kwa jina lako, ingawa kulitamka bado kunawashinda. Baba alikishika kimoja muda mrefu kabla hajakila.

Halafu akaingia jikoni, na Ingabire akasikia anafungua maboksi aliyokwisha kuyafunga kwa gundi. Alirudi na ndizi. Karanga hazikuwapo, akamtuma nyuki dukani. Aliposimama na vitu vyake viwili mkononi alijinyoosha, akampa Mama Lenore kwa mikono yote miwili. Boksi moja alilolifungua lilikuwa la vyombo vya jikoni. Kifuniko chako cha sufuria kilikuwa juu kabisa.

Wakati wa kutoka, Mama Lenore alisema kuna kisomo kingine cha gombo, cha jioni mapema, kabla ya chakula cha pamoja, kwa wazee na kwa waliokuwa kazini asubuhi. Hakumkaribisha Baba. Alisema tu kwamba kipo, na kwamba benchi ni lilelile.

Baba aliwapeleka. Alifika maegeshoni, akazima gari, akakaa na mikono kwenye usukani, kama siku zote. Ingabire alimshusha Mama Lenore, akamshika Isaro, wakaanza kwenda. Nyuma yao wakasikia mlango wa gari unafungwa. Alikuwa anakuja, kofia mkononi, kifuniko kwapani.

Mama, ungekuwepo. Mtu wa kwanza kumpokea mlangoni alikuwa rabi wao, na rabi alikuwa amevaa ng'ombe: manyoya meupe yenye madoa, kengele shingoni, na mkia. Baba, mtu wa makundi ya ng'ombe tangu kuzaliwa, alimzunguka mzima akimkagua.

"Ngombe gani hii haina mapembe?" aliuliza, na uso wake haukuwa wa utani hata kidogo. Isaro akatafsiri. Rabi akajishika kichwa, akakiri kwamba amejisahau, akaahidi pembe mwakani. Baba akampa kofia yake ashike huku akionyesha kwa mikono pembe za kweli zinavyofika. Kisha wakamvalisha ile kofia ndogo yao, naye akakubali, akaenda kukaa. Alikaa pale ulipokuwa unakaa wewe, Mama Lenore kushoto kwake. Ingabire na Isaro walikaa nyuma yao.

Kisomo ni cha Kiebrania, hakuna aliyeelewa neno katika watu wetu. Lakini jina la Hamani linasikika. La kwanza lilipotajwa kelele zikalipuka, na Baba akagonga kifuniko kwa kijiko polepole, kama mtu anayebisha nyumba ya wageni. La pili akagonga kwa nguvu. La tatu Ingabire akaona mgongo wake unatikisika, akadhani anacheka, akainama aone. Kinywa cha Baba kilikuwa wazi. Alikuwa analia kwa sauti, Mama, analia kama mtoto, na katikati ya makelele yale hakuna aliyemsikia. Kelele zilipokwisha alifunga kinywa, akajifuta kwa kiganja, akaketi wima. Jina likaja tena, akagonga tena, akalia tena. Ilikuwa hivyo ukurasa baada ya ukurasa.

Mama Lenore hakumtazama hata mara moja. Ila aliacha kidude chake cha mbao, akachukua fimbo ya kutembelea aliyoilaza kando yake, akaanza kugonga sakafu. Watu wakinyamaza, yeye aliendelea. Msomaji alimtazama, akaelewa kwamba anakificha kilio cha Baba, akaweka kidole kwenye gombo akasubiri. Nyuma kidogo rabi alianza kutikisa kengele yake ya ng'ombe. Walisubiri namna hiyo kila safari, mpaka Baba amalize.

Chakulani aliongea kidogo, akala sana. Ndani ya gari, walipokuwa wanamrudisha Mama Lenore kwake, alivuka taa tatu za barabarani, kisha akamuuliza Ingabire bila kugeuza kichwa.

"Ijumaa, ni nani anamupelekaka sinagogi?"

Ingabire akauliza. Jibu lilikuwa hakuna. Mpwa wake yuko kazini Ijumaa jioni, na tangu ulipofariki Mama Lenore hajaenda, kwa sababu, alisema, lile benchi ni refu mno kwa mtu mmoja.

"Bon," alisema Baba.

Hilo ndilo lilikuwa shauri lote la familia. Asubuhi yake Ingabire alimkuta anapanga sahani kabatini. Mkataba ametia saini mwaka mwingine. Hatukubishana naye, ingawa chumba cha Columbus bado kipo na tutakiweka tayari.

Hatutakudanganya, Mama. Nyumba bado ni kimya. Jumatatu bado anashuka na shati moja kwenye chumba cha kufulia, na Ingabire alilia njia nzima ya kurudi Ohio kwa sababu alikuja kumchukua baba yake akaondoka na viti vya gari vitupu. Lakini Ijumaa anaoga, anavaa koti, na maegeshoni habaki. Anasema haelewi wanachosoma. Anasema anakaa tu.

Tunakukumbuka sisi: mume wako Ruhimbika, hapa Highview, binti yako Ingabire na mjukuu wako Isaro, Columbus, mwanao Shami, Buffalo, ndugu zako wote wa kanisa, na Mama Lenore, ambaye ameomba jina lake liandikwe na familia, nasi tumeliandika.

Kifuniko kiko kwa Baba. Kila mwaka kitagongwa, nasi kila siku tutakuwa nawe moyoni.